Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Laricobius, Mbawakawa Anayewinda Wakati wa Baridi

Tangu nilipoanza kuwasimulia majirani zangu hapa Kabale, Uganda, habari za mbawakawa mmoja mweusi wa Amerika, maswali hayakatiki. Wengine wananiuliza kitaluni wakija kununua miche. Wengine wananisimamisha njiani wakiwa na kitawi cha paini mkononi, kimejaa utando mweupe. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi zaidi. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu katika mashamba ya miti ya Kigezi ndiyo lugha wanayokutania mkata mbao kutoka Kongo, dereva wa lori kutoka Kenya na mwenye shamba Mkiga.

Laricobius ni mdudu gani?

Ni mbawakawa mdogo mno, mweusi, urefu wa milimita 2 hadi 3. Ukimweka juu ya ukucha wa kidole cha mwisho, nafasi inabaki. Jina lake kamili ni Laricobius nigrinus, na hilo la pili linatokana na weusi wake. Kwao ni magharibi ya Amerika ya Kaskazini: British Columbia huko Kanada, kushuka Washington na Oregon, na pia bara, upande wa Idaho na Montana. Hatoboi mbao, hali majani, hana habari na mahindi ya mtu. Anakula vidukari wenye sufu wanaoishi kwenye mti wa hemloki, basi.

Hemloki ndiyo ile sumu aliyonyweshwa Sokrates?

Hapana. Ile ni mmea mwingine kabisa, wa jamii ya karoti. Hemloki ninayoizungumzia ni mti mkubwa wa jamii moja na paini, wenye majani mafupi bapa kama sindano zilizolazwa. Inaweza kuishi miaka 500 na zaidi. Hupenda mabonde yenye unyevu, na kivuli chake kizito ndicho kinachoweka baridi maji ya vijito wanamoishi samaki aina ya trauti. Aliyewahi kuona mti mkubwa umeanguka juu ya kijito huko Bwindi, jua likapiga maji ambayo hayakuwahi kupigwa jua, ataelewa kwa nini watu wa kule wanaulilia mti huo.

Kidukari mwenyewe amefanya nini hata atafutiwe mwindaji?

Anaitwa Adelges tsugae, na hafiki hata milimita 2. Anachomeka mrija wake pale sindano ya jani inaposhikana na kijitawi, halafu anafyonza akiba ya chakula ambayo mti umejiwekea. Kisha anajifunika sufu nyeupe ya nta inayotoka mwilini mwake, ndiyo maana tawi lenye vidukari hao linaonekana kama limebandikwa vipande vya sufi kutoka kwenye mto uliopasuka. Sindano hubadilika rangi kuwa kijivu, zikapukutika. Machipukizi hayatoki tena. Baada ya miaka michache mti umekufa ukiwa umesimama.

Mashariki mwa Marekani aliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1951, karibu na mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ukoo huo ulitoka kusini mwa Japani. Kule kwao miti imemzoea na maadui wake wapo, kwa hiyo hana makali. Virginia hakukuta mti uliomzoea wala adui wa kumweza.

Kinachonitisha mimi zaidi ni kwamba kwenye hemloki vidukari hawa wote ni majike. Hawahitaji dume. Mmoja tu akipeperushwa na upepo, au akinasa kwenye unyoya wa ndege, anatosha kuanzisha kizazi katika bonde jipya.

Mzunguko wa maisha wa Laricobius ukoje?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na nitalijibu kwa kufuata miezi, maana bila miezi maisha ya mdudu huyu hayaeleweki. Kumbuka tu kwamba miezi hii ni ya kule, ambako Januari ni theluji na Julai ni joto.

Anza na Oktoba. Majani ya miti mingine yanapukutika, wadudu wengi wanatafuta pa kujificha, na wakati huo huo Laricobius anatoka ardhini. Alikuwa chini ya hemloki miezi yote ya joto, mzima, mwenye mbawa, lakini amelala. Sasa anapanda mti. Huko juu vidukari nao wamezinduka: walitua chini ya sindano tangu Juni na Julai wakiwa tunutu, yaani watoto wa kidukari, wadogo mno, wakalala hapo hapo bila kukua hadi Oktoba, na sasa wanaanza kufyonza. Wawindaji na mawindo wameamka pamoja.

Novemba hadi Januari mbawakawa wanakula tunutu hao. Siku ya baridi kali mno wanatulia tu, na jua likichomoza kidogo wanaendelea. Kwa kula huko wanapata nguvu ya kutaga.

Kuanzia Januari au Februari vidukari wanakuwa watu wazima na kuanza kutaga ndani ya sufu zao, mayai mengi kwa kila mmoja. Laricobius jike anapita kutoka sufu hadi sufu. Kwa kawaida anaweka yai moja tu katika kila mfuko wa sufu, yai la manjano, kisha anahamia mfuko mwingine. Naona hapa kuna akili kubwa ya maumbile: mtoto mmoja, ghala moja la chakula, hakuna kugombana na ndugu. Anaendelea hivyo mpaka karibu na Mei.

Yai likianguliwa anatoka buu, na buu huyo anajikuta katikati ya mayai ya kidukari. Hana haja ya kusafiri. Anakula, anajivua ngozi, anakula tena, hatua 4 kwa jumla. Katika majaribio ya maabara buu mmoja alimaliza mayai zaidi ya 200 kabla ya kukomaa. Mbawakawa mzima anawinda, ndiyo, lakini kazi kubwa ya kuangamiza inafanywa na buu.

Kati ya Aprili na Juni buu aliyeshiba anajiachia kutoka tawini, akaanguka chini. Anapenya majani makavu, anaingia udongoni, anajifinyangia kijumba cha udongo na kugeuka pupa humo, ambaye wengine humwita bundo. Wiki chache baadaye pupa amekuwa mbawakawa kamili. Wewe ungetegemea atoke, aruke. Hatoki. Anabaki kimya ndani ya kile kijumba Julai, Agosti, Septemba, akisubiri Oktoba.

Kizazi kimoja kwa mwaka, hakuna cha pili.

Kwa nini asiwinde wakati wa joto kama wadudu wengine?

Kwa sababu wakati wa joto hakuna cha kuwinda. Vidukari wako pale mtini, lakini wamelala, ni vidoa vidogo visivyokua. Mwindaji anayetegemea mawindo hayo peke yake lazima alale yanapolala na aamke yanapoamka. Ndiyo sababu watafiti walimpenda. Walikuwa na wawindaji wengine, hata mbawakawa mmoja kutoka Japani aitwaye Sasajiscymnus tsugae aliyeachiliwa jimbo la Connecticut tangu 1995, lakini yeye hufanya kazi miezi ya joto zaidi. Miezi ya baridi ilihitaji mtu wake.

Nani alihakikisha kwamba hatageuka kuwa balaa jipya?

Mwaka 1997 mbawakawa waliokusanywa Victoria, British Columbia, walipelekwa chuo kikuu cha Virginia Tech wakafungiwa katika maabara ya karantini. Walijaribiwa kwa kupewa vidukari wa aina nyingine wa miti ya jirani. Wazima waliwaonja baadhi, lakini mabuu hawakufika utu uzima isipokuwa kwa kidukari wa hemloki. Baada ya miaka ya majaribio ndipo walipoachiliwa msituni, mwaka 2003.

Lipo jambo lililojitokeza baadaye. Mashariki kuna jamaa yake wa asili, Laricobius rubidus, anayekula vidukari wa gome la msonobari mweupe. Hawa wawili walipokutana walipandana, wakazaa machotara. Uchunguzi umeendelea, na kwenye hemloki damu ya nigrinus ndiyo inayotawala. Sioni kwamba ni janga, ila nalitaja kila mara kwa sababu mtu anayekwambia kuachilia mdudu mgeni hakuna mshangao wowote, huyo hajafuatilia.

Anafugwa wapi? Si angezalishwa kwa mamilioni kama vifaranga?

Wamejaribu kwa bidii, na ugumu wake unafundisha. Kwanza, hana chakula cha kutengeneza. Lazima ulete matawi ya hemloki yaliyojaa vidukari hai, kila mara, wakati wote wa kutaga. Pili ni ule usingizi wa udongoni. Maabara inaweza kuiga joto na unyevu, lakini ikikosea kidogo mbawakawa wanazinduka mapema, kabla vidukari hawajaamka. Wanatoka wakiwa na njaa na mezani hakuna kitu.

Kwa hiyo njia nyingine imepata nguvu: kuwachukua kutoka mahali walikokwisha kustawi. Watu huenda magharibi, au maeneo ya mashariki ambako waliachiliwa zamani wakaongezeka, kama Banner Elk huko North Carolina. Wanashika kitambaa cheupe chini ya tawi, wanalipiga tawi kwa fimbo, mbawakawa wanaanguka, wanaokotwa mmoja mmoja. Kwa sehemu zenye baridi kali zaidi walichukua wale wa bara, wa Idaho, waliozoea baridi kuliko ndugu zao wa pwani.

Je, ameshinda?

Nusu. Nasema hivyo bila kumpunguzia heshima.

Kidukari wa hemloki ana vizazi viwili kwa mwaka. Kile cha kwanza kinaishi tangu kiangazi hadi mwisho wa baridi, na Laricobius anakipiga vibaya sana, sehemu nyingine mifuko mingi ya sufu unaikuta imeraruliwa. Lakini mayai yanayonusurika huanguliwa kuwa kizazi cha pili, kinachokua Aprili hadi Juni. Wakati huo mabuu wa Laricobius wanashuka ardhini kulala. Kizazi hicho kinakosa mwindaji, na kwa kuwa hakuna msongamano tena, kila kidukari aliyebaki anapata nafasi nzuri ya kufyonza na kutaga. Idadi inarudi juu.

Kwa hiyo wameongeza wengine. Laricobius osakensis kutoka Japani, aliyezoeana na ukoo huo huo wa kidukari, aliachiliwa kuanzia 2012. Kuna pia nzi wadogo wa rangi ya fedha wa magharibi, jenasi Leucotaraxis, ambao mabuu wao hula vizazi vyote viwili. Na miti mikubwa yenye thamani inawekewa dawa udongoni au kwenye shina ili ibaki hai huku wadudu wakiongezeka polepole. Nionavyo mimi, huo mpango wa kushika kwa mikono miwili ndio wa busara: dawa inanunua muda, wadudu wanajenga.

Utando mweupe kwenye paini zangu hapa Uganda, ndiye yeye?

Siye, ila ni jamaa wa karibu. Huku kwetu ni Pineus boerneri, kidukari-sufu wa paini, wa familia ile ile. Kenya alionekana mwaka 1968, akiwa ameingia na vikonyo vya paini vya kubebeshea vilivyoletwa kutoka Australia. Kutoka hapo alienea Afrika Mashariki. Naye ni majike matupu. Unamwona kwenye machipukizi na chini ya sindano, hasa kwenye paini za milimani kama Pinus patula. Katika ekari zangu tatu huwa anazidi miti inapokuwa na kiu, yaani mwisho wa ukame wa Juni hadi Agosti, na mvua za Septemba zikipiga vizuri sufu inapungua.

Basi tumlete Laricobius atusaidie!

Hili huulizwa kwa hamu kubwa, na jibu langu ni hapana, ndugu yangu.

Kwanza, majaribio yale yale yaliyomfanya aruhusiwe Marekani ndiyo yanayomkatalia huku. Mabuu wake hawakui kwa vidukari wengine. Ukimwachilia kwenye paini za Muko, hata akila kidogo, hatazaa.

Pili ni suala la saa yake. Mbawakawa huyu anaongozwa na majira: joto kupanda na kushuka, mchana kurefuka na kufupika. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mstari wenyewe unakatiza barabara pale Kayabwe, watalii wanapiga picha. Mchana wetu ni saa 12 Januari na saa 12 Julai. Kabale ina baridi, usiku tunajifunika mablanketi mawili, lakini ni baridi ya urefu wa mlima, si ya msimu. Ni nini kitakachomwambia alale? Ni nini kitakachomwamsha? Na kidukari wetu hapumziki miezi mitatu kama yule wa hemloki. Anaendelea kuzaa mwaka mzima, akipanda na kushuka kwa mvua.

Tatu, sheria. Kuingiza mdudu hai nchini kunataka kibali cha serikali na uchunguzi wa karantini. Kuna bwana mmoja aliniambia ana rafiki Marekani anayeweza kumtumia kichupa. Nilimsihi sana asifanye hivyo, na namsihi yeyote mwenye wazo kama hilo.

Kwa Pineus walitafutwa wawindaji wake wenyewe. Miaka ya 1970 Kenya iliachilia Tetraphleps raoi kutoka Pakistani, mdudu mdogo wa jamii ya wafyonzaji, na akastawi.

Uganda imewahi kutumia mbawakawa namna hii?

Ndiyo, na watu wa maziwani wanakumbuka. Gugu maji lilipofunika fukwe za Ziwa Viktoria na Kyoga, mitumbwi ikashindwa kutoka, waliachiliwa fukusi wa aina mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Kyoga walianza mwaka 1993, Viktoria mwishoni mwa 1995. Mzima anakwangua majani, na buu anatoboa kikonyo cha jani hadi kwenye shina, kisha anakuwa pupa kwenye mizizi ndani ya maji. Mpaka mwaka 1998 mikeka mikubwa ya gugu ilikuwa imezama, ingawa mvua na mawimbi ya El Niño navyo vilichangia. Tofauti yake na Laricobius ni kwamba fukusi hawa wanakula mmea, si mdudu. Na kwa kuwa gugu liko mwaka mzima, hawahitaji kulala.

Saipresi yangu inakauka kuanzia ndani. Ni sufu hii hii?

La. Huyo ni kidukari wa saipresi, Cinara cupressivora, wa rangi ya kahawia, bila sufu nyingi, na chini yake utaona ukungu mweusi ukiota kwenye utamu anaodondosha. Alionekana Malawi 1986, Uganda 1989, Kenya 1990. Aliyetumwa kumkabili ni nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, anayetaga yai ndani ya kidukari.

Nikiona sufu kwenye paini, nifanye nini wiki hii?

Usikimbilie dawa ya kunyunyiza. Sufu ya nta inaizuia isimfikie kidukari vizuri, huku mbawakawa wadogo wa mviringo wenye madoa, nzi na wadudu wengine wanaomla wakifa wazi wazi. Nimeona shamba lililopuliziwa mara tatu likawa jeupe kuliko la jirani ambaye hakupulizia kitu.

Funua sufu taratibu kwa mwiba. Ukikuta vijidudu vimetulia, havikimbii, mrija umechomekwa, hao ni vidukari. Ukikuta buu anayetambaa, mwenye pilika, na mayai yaliyopasuka pembeni yake, mwache. Huyo yuko kazini. Kisha kata kitawi, kiweke kwenye mfuko wa karatasi (wa plastiki unaozesha), andika mahali na tarehe, umpelekee afisa misitu wa wilaya. Wataalamu wa utafiti wa misitu wako Kifu, Mukono, na sampuli yenye tarehe inawafaa kuliko picha kumi za simu.

Miti iliyosongamana ipunguze kwa wakati wake, maana mti wenye kiu ndio unaolemewa. Usihamishe miche kutoka kitalu chenye sufu hata ukipewa bure. Mimi mwenyewe nimewahi kuchoma miche 400 iliyokuwa tayari kuuzwa. Iliniuma, na ningeichoma tena.

Na kalenda unayowaambia watu waandike ni ya nini?

Kwa sababu kidukari anayewindwa na Laricobius alijulikana kwa kuhesabiwa miezi: lini anatua, lini analala, lini anataga. Kwa kidukari wetu, shamba moja moja, hesabu hiyo anaweza kuisaidia mwenye shamba. Chagua miti 10, ifunge kitambaa, na kila mwisho wa mwezi angalia tawi moja la kila mti: lina sufu au halina, mayai yapo au hayapo, mvua ilinyesha au haikunyesha. Daftari la kurasa 48 linatosha miaka kadhaa. Langu lilianza na mti wa kwanza kulia ukiingia langoni, na ukitaka kuliona, njoo kitaluni asubuhi, kabla sijaanza kumwagilia.